Neno Lisilotamkwa: Uhakiki wa Santuri ya Tracy Chapman

Wimbo wa kupinga dhuluma hukabiliwa na hatari moja kubwa, nayo ni kugeuka hotuba inayosindikizwa na gitaa. Msikilizaji akishakubaliana na maudhui yake, hana tena haja ya kuusikiliza. Santuri ya kwanza ya mtunzi na mwimbaji wa Kimarekani, Tracy Chapman, iliyotolewa mwaka 1988 kwa jina lake mwenyewe na kutolewa upya kwenye santuri mwaka 2025, imeiepuka hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Imefaulu kwa sababu inalichunguza neno lenyewe: nani hulisema, nani hulisikia, na nani hunyimwa.

Nyimbo kumi na moja zimegawanywa katika pande mbili, na mpangilio huo ni sehemu ya fani. Wimbo wa kwanza, "Talkin' Bout a Revolution", unahusu mapinduzi, lakini mapinduzi hayo hayatangazwi jukwaani. Yananong'onwa na maskini waliopanga foleni wakingoja msaada. Katika "Fast Car", msichana aliyeacha shule ili amtunze baba mlevi anamsimulia mwenzake ndoto ya kutoroka umaskini. Mwanzoni anasema kwamba wao wawili hawana budi kukata shauri. Mwishoni, mwenzake akiwa naye amezama katika ulevi, kauli hiyo hiyo inarudi, ila sasa anayetakiwa kukata shauri ni mwenzake peke yake. Kwa Kiswahili mabadiliko hayo yangebebwa na kiambishi kimoja tu, "tu-" kuwa "u-". Na ndani ya kiambishi hicho ndoa nzima imevunjika.

Kilele cha upande huu ni "Behind the Wall", unaoimbwa bila ala yoyote. Jirani anasikia usiku mayowe ya mwanamke anayepigwa, naye anajua kwamba polisi huchelewa, kama wakija. Kukosekana kwa gitaa kunamweka msikilizaji mahali pa jirani huyo: anasikia yote, wala hana la kufanya. Mara unafuata "Baby Can I Hold You", wimbo wa mapenzi kuhusu maneno ya toba na ya upendo ambayo mtu ameshindwa kuyatamka. Ukisikilizwa peke yake, waweza kudhaniwa kuwa burudani tupu. Ukifuata mayowe yale, unadhihirisha kwamba kimya cha wapendanao na kimya cha dola vinakaa mtaa mmoja. Kwa hiyo mhakiki anayezitenga nyimbo za siasa na nyimbo za mapenzi katika santuri hii anaikata katikati.

Hapana budi kukiri kwamba upande wa pili una udhaifu. "Why?" unauliza sababu ya njaa katikati ya wingi wa chakula. Maswali ni ya haki, lakini hayana muulizaji mwenye nyumba, kazi wala jirani. Hapa fani inalegea na hotuba inabisha hodi. Hata hivyo upande huo unafungwa na "For You", kwa sauti na gitaa tu, ambamo mpenzi anakiri kwamba maneno hayamtoshi. Pande zote mbili, basi, zinaishia katika suala lile lile la neno.

Mwaka 2023 Luke Combs alirekodi upya "Fast Car", na mwaka huo huo Chapman akawa mtunzi wa kwanza mweusi kupata tuzo ya wimbo bora ya CMA, chama cha muziki wa kantri. Tuzo hiyo ilithibitisha kwamba wimbo mmoja waweza kusafiri peke yake. Santuri iliyorudi inathibitisha jambo lililo zito zaidi: kwamba ukiwa kati ya wenzake, wimbo huo husema mengi kuliko unavyosema ukiwa mpweke.