Vitabu vya Moyo Mgumu na Watoto Wetu Uwanjani



Agosti ikifika, kuanzia Fort Worth hadi Houston, viwanja vya shule hujaa vijana waliovaa helmeti na makocha wanaopenda kunukuu vitabu vya nidhamu na fikra za ushindi. Baadhi ya vijana hao ni wetu. Sisi wazazi tuliokulia kwenye chandimu tunasaini fomu na kununua viatu, lakini ni nadra kuuliza kocha anasoma nini. Safari hii tumeona tuvisome vitabu hivyo wenyewe.

Tuanze na kilicho bora. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa Mindset mwaka 2006. Hoja yake ni kwamba anayeamini kipaji ni cha kuzaliwa nacho hukwepa jambo gumu asije akaumbuka, na anayeamini uwezo hukua hulifuata jambo hilo ajifunze. Kwa hiyo mtoto asisifiwe kwa akili alizojaliwa, asifiwe kwa juhudi na mbinu alizotumia. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dweck anatueleza kwa nini hulitia.

Lakini hoja hiyo ikifika uwanjani hupunguzwa. Mwaka 2015 Dweck mwenyewe alilalamika kwamba wengi wamebaki na kusifia bidii tu, hata pale ambapo mtoto hajifunzi kitu. Kocha wa namna hiyo, kijana akishindwa, hatazami mbinu alizomfundisha. Humwambia kijana kuwa moyo wake ni mlegevu.

Hapa Texas moyo mgumu una kitabu chake: The Junction Boys cha Jim Dent, cha mwaka 1999. Kinasimulia jinsi kocha Bear Bryant, mwaka 1954, alivyowapeleka wachezaji wa futiboli wa Texas A&M kwenye kambi ya siku 10 katika mji wa Junction, wakati wa ukame na joto kali, akawanyima maji mazoezini. Wengi walitoroka, wakabaki takriban 35. Mmoja joto lilimzidi hadi akakaribia kufa. Dent anajua kusimulia; vumbi la uwanja ule msomaji analiona. Tatizo ni kwamba masimulizi yake humwacha msomaji akiwaonea fahari waliobaki na kuwasahau waliotoroka usiku.

Sisi tuliosomea uhandisi tuna neno hapa. Ukipima nondo 100, ukazitupa zilizokatika, kisha ukaandika ripoti kuhusu zilizobaki peke yake, ripoti hiyo haifai kujengea hata banda la kuku. Hujui kama mzigo uliziimarisha zilizobaki au zilikuwa imara tangu mwanzo. Na matokeo yalikuwaje? Msimu ule wa 1954 timu ilishinda mchezo 1 na kupoteza 9. Wapenzi wa kitabu hutaja ubingwa wa kanda wa 1956, ambao ni kweli ulipatikana, lakini miaka miwili ya mazoezi na kusajili wachezaji wapya ilikuwa imepita hapo katikati. Kuupa kiu sifa hiyo ni kumwonea mwalimu.

Tulinganishe na kambi ya kwetu. Patrick Sang alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, hapo Austin, kisha akapata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Ndiye aliyemfundisha Eliud Kipchoge kule Kaptagat. Nidhamu ya pale haina kelele. Bingwa hufagia na kusafisha vyoo kwa zamu kama wenzake, na mazoezi yake ameyaandika daftarini tangu 2003. Kipchoge mwenyewe ni msomaji wa vitabu vya aina hii, na kauli yake kwamba binadamu hana kikomo imeenea duniani kote. Lakini tusisahau kwamba alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, wakimbiaji 41 walipangwa kupokezana kumkinga na upepo, na vinywaji alipelekewa njiani. Aliyeitoa kauli ile alikuwa amezungukwa na watu.

Hilo ndilo tunaloliona pungufu katika vitabu hivi karibu vyote. Vinamwelekeza msomaji ajitazame mwenyewe, na anayewajibika kwa maji, mapumziko na ratiba anabaki nje ya ukurasa. Kwa mtu mzima anayejisomea, hasara si kubwa. Kwa kijana wa miaka 15 ndani ya helmeti, kwenye joto la Houston, inaweza kuwa uhai wake.

Basi wazazi, mkutano wa kocha ukiitishwa, twendeni tukaulize. Nani anapima joto kabla ya mazoezi? Mwanangu akisema kichwa kinamzunguka, atapewa barafu au hotuba? Kocha mwenye jibu la haraka na la wazi, huyo tumpe mtoto, hata kama hajawahi kumsikia Dweck.

Nakala zetu zipo kwa atakayependa kuazima. Mindset isomeni na watoto. Cha Dent someni kwanza ninyi.