Kabla Pombe Haijawa Pombe

Wanaosifu pombe ya ndizi husifu ladha. Mimi namsifu mpishi wake, maana kazi yenyewe iko mbele ya ladha, na huko ndiko wengi hukwamia. Hapa Mengo, Kampala, kilimani penye Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda, sherehe ya kwanjula, ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, bila mwenge bigere, yaani pombe hiyo ya ndizi, bado huonekana pungufu. Kuupika nyumbani ni shughuli nyingine kabisa.

Kila kitu huanzia kwenye mbidde, ndizi za ukakasi zisizoliwa kama matooke. Hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, siku nne hadi sita hivi. Ugumu ni kuziivisha zote pamoja: mbichi hazitoi maji, zilizopitiliza huleta uji. Shimo likishafunikwa hakuna cha kutazama, hivyo mpishi huenda kwa pua na vidole.

Zikiiva humenywa na kutiwa katika lyato, hori refu la mti lenye umbo la mtumbwi, pamoja na nyasi za lusenke. Wanaume huingia miguu mitupu na kukanyaga. Kwa muda mrefu ni tope tu, na mgeni atakuwa na haki ya kukata tamaa. Kisha ghafla nyasi hushika nyama ya ndizi, na maji matamu huachana nayo. Hiyo ndiyo omubisi, ambayo hata watoto hunywa. Kwangu ustadi wote uko hapa. Anayeharakisha kwa kumwaga maji ya kisima mapema huishia na kitu chepesi kisichokuwa juisi wala pombe.

Baada ya hapo huongezwa mtama uliokaangwa na kuparazwa, hori likafunikwa majani ya mgomba. Hamira hainunuliwi, chachu hutoka kwenye mtama wenyewe na kwenye mbao za hori zilizozoea kazi. Wachagga hufika kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, kwa ulezi, Wahaya kwenye rubisi yao kwa mtama. Kuhusu joto, Mjapani anayechachusha soya kuwa natto hulazimika kutunza joto la nyuzi 40 hivi. Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa hufanya kazi hiyo bure, ingawa wiki ya mvua huichelewesha.

Shida ya mjini ni nafasi. Ua wa saruji hauchimbiki shimo, lusenke lazima iagizwe kutoka nje ya mji, na pipa la plastiki halina kumbukumbu ya hori. Tena mwenge ukishaiva hukaa siku chache tu kabla ya kuwa siki, hivyo mpishi huhesabu kinyumenyume. Kwanjula ikiwa Jumamosi, ndizi zishuke shimoni Ijumaa ya wiki iliyotangulia, zikanyagwe Jumatano. Upande wa binti ukisogeza tarehe kwa wiki moja, itafutwe mikungu mingine.