Jina la Programu, Faili ya Skripti

Tangu Gordon Matzigkeit aianzishe Libtool mwaka 1996, kujenga maktaba za pamoja kwenye mifumo tofauti ya Unix kumekuwa kazi nyepesi. Sifa hiyo inaistahili.

Kosa liko kwenye jina. `make` ikimalizika, na programu inategemea maktaba ambayo haijasakinishwa bado, faili unayoiona kwenye saraka ya ujenzi ina jina la programu na ruhusa ya kutekelezwa, lakini siyo programu. Ni skripti ya shell. Inapanga LD_LIBRARY_PATH, kisha inaita baineri yenyewe iliyofichwa ndani ya .libs, saraka yenye nukta ambayo `ls` ya kawaida haikuonyeshi. Kwa nini skripti ndiyo ipewe jina na baineri ndiyo ifichwe? Kwamba skripti ilihitajika, sibishi: maktaba bado iko kwenye saraka ya ujenzi, na bila kuelekezwa programu itaikosa, au mbaya zaidi itaokota toleo la zamani lililosakinishwa. Lakini hilo halikuhalalisha kuipa jina lisilo lake. Ukiifungua kwa gdb, gdb inakataa, ikisema hiyo si faili ya kutekelezwa. Ukiikimbiza, ujumbe wa makosa unakuja na jina la lt- ambalo hukuliandika popote. Na anayeinakili kwa `cp` hadi /usr/local/bin haoni tatizo wakati wa kunakili, lakini skripti hutafuta baineri ndani ya .libs iliyo kando yake yenyewe. Akiikimbiza huko, ndipo anapogundua kuwa alichonakili kilikuwa skripti tu. Taarifa hiyo alistahili kuipata kwenye jina la faili, siku ya kwanza.

 

Wengine wamelikwepa kosa hili. Git wameziweka skripti zao kwenye saraka ya bin-wrappers. CMake huandika RPATH ya ujenzi (njia ya kutafutia maktaba) ndani ya baineri na kuibadilisha wakati wa kusakinisha. Wazee wa Bell Labs, Ken Thompson na wenzake, kwenye mfumo wao wa Plan 9 walizikataa kabisa maktaba za pamoja: ulichojenga ndicho ulichosakinisha. Hakuna aliyewafikia.

Mnaoitunza Libtool, ipeni skripti saraka yake na baineri mrudishieni jina. Nawe msomaji, sakinisha kwa `make install`, `cp` iache.