Mikono Iliyohesabu Wawili

Bibi Mkunga hakuwa na haraka na tumbo la mtu. Kwanza alilikumbatia birika la chai kwa viganja vyote viwili mpaka vikapata moto, ndipo akamwambia mke wangu alale chali mkekani, akunje magoti. "Mkono wa baridi humkaza mama, tumbo likawa jiwe, ukapima uongo," alisema, kisha akanyamaza. Alianzia juu, chini ya mbavu, akashuka ubavuni kwa vidole vilivyolala, akafika kinenani, akarudi juu tena. Mimi nilikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Nimeruhusiwa kuwepo, sikuombwa neno. Nilimwona akituama mahali pamoja, akafumba macho, akahamia upande wa pili, akacheka peke yake.

"Mwanangu, kichwa hiki hapa. Na kichwa hiki hapa. Mtoto gani huyo wa vichwa viwili?"

Mimba ilikuwa na miezi saba. Miezi yote hiyo tulihudhuria kliniki bila kukosa: mizani, presha, damu kidoleni, utepe wa kupimia tumbo. Utepe ulikuwa umeshaitangulia mimba kwa mbali, na namba yake iliandikwa kwenye kadi kwa mwandiko mzuri sana. Tukaambiwa hongera, mtoto mkubwa. Foleni ilikuwa ndefu, na muuguzi mmoja hawezi kuwa watu watatu. Hilo nalijua na silibishi. Lakini kuna jambo mke wangu alilisema njiani siku ile tukirudi kutoka kwa Bibi: kwamba huko kote hakuna aliyemgusa tumbo kwa zaidi ya muda wa kunyoosha utepe.

Bibi hakuridhika na mikono peke yake. Alinituma zahanati nimwite muuguzi aliyemaliza zamu, binti aliyewahi kumfundisha kazi, aje na pembe yake ya kusikilizia. Pembe hiyo wengi wetu tumeiona bila kuitazama: kijibomba kifupi, upande mmoja mdomo mpana wa kukaa tumboni, upande wa pili kisahani cha kuwekea sikio. Jina lake la kitabuni ni la daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, aliyeitengeneza mwaka 1895. Haina betri wala waya. Ya Bibi ilikuwa ya mbao, imekuwa nyeusi kwa mafuta ya viganja na mashavu.

Wakainama, mmoja huku, mmoja kule, kama watu wawili wanaochungulia kisima kimoja. Walipokwisha kutega masikio waliziachia pembe, maana mkono unaoshika hukwaruza, na mkwaruzo huziba sauti. Kila mmoja akawa anagonga kidole hewani kufuata pigo analolisikia. Hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe, kwa macho. Moyo wa mtoto mmoja unaweza kusikika mahali pawili, ukakudanganya. Ndiyo maana lazima wahesabu watu wawili, dakika ileile, kwa saa ileile, na hesabu zipishane kwa mapigo kumi au zaidi. Vidole vyao vilianza pamoja, vikapotezana, vikakutana tena, vikapotezana. Cha binti kilikuwa mbele. Dakika ilipotimia Bibi alisema 136, binti akasema 152. Wakabadilishana pande, wakarudia. Hakuna aliyeshangilia. Bibi alipangusa pembe yake kwa upindo wa kanga, akamgeukia mke wangu: "Hospitali. Kubwa. Mimba ya pacha mimi sizalishi nyumbani, na mtu akikwambia anazalisha, mkimbie."

Nimeambiwa mara nyingi kwamba kuwasifu wakunga ni kuwapigia debe watu wa gizani. Lakini Bibi aliijua mipaka ya mikono yake kwa sababu aliijua mikono yenyewe. Picha ya ultrasaundi ilipopigwa wiki iliyofuata, ilisema alichosema yeye, ikaongeza mambo ambayo kidole hakiwezi kuyaona: kondo mbili, kila mtoto na yake. Sina ugomvi na mashine. Ninachouliza ni kwa nini kuja kwa mashine kuwe ruhusa ya mkono kukaa mfukoni, na hasa pale mashine yenyewe ilipo mbali kwa nauli ya basi.

Kazi hii ni kongwe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika maelezo yake ya desturi za Waswahili yaliyochapwa Göttingen mwaka 1903, hakuiacha nje habari ya mimba na kuzaa. Pacha nao walikuwa na mahali pao. Wasukuma walitupa Kulwa na Doto, majina yaliyovuka makabila yote ya Tanzania. Waluba wa Kongo wana Mbuyi na Kabanga. Na Buganda mwanamume aliyepata pacha huitwa Ssalongo, jina la heshima ambalo hata ukizeeka hulivui. Sisemi kila mahali walipokewa kwa ngoma. Kuna kwingine walikoogopwa, na wazee hawapendi kuulizwa.

Ya chumba cha kuzalia nayasimulia kwa kinywa cha mke wangu. Sisi wanaume tulikuwa benchi la nje, tukijifanya tunazungumza mpira. Kulwa alitoka akilia. Mke wangu anasema kila mtu alishusha pumzi isipokuwa mkunga wa zamu, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye mikono yake ilirudi tumboni palepale. Kitovu cha Kulwa kilikwisha kufungwa. Kijana aliyekuwa mafunzoni akanyanyua ile sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, inayotolewa mtoto akishazaliwa, akazuiwa kwa neno moja: "Bado." Kumbe ndani amebaki mtu. Doto, baada ya mwenzake kumwachia nafasi, alikuwa ameanza kukingama, na yule mama akamshika kwa viganja, kimoja kila ubavu, akimwelekeza taratibu, akimsemesha. Akamngoja. Mke wangu husema kungoja kule ndiko kulikomtisha na ndiko kulikomtuliza.

Doto alikuwa mdogo, hakufika kilo mbili. Tulifundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 ambako mashine za kuwapasha joto watoto zilikuwa chache kuliko watoto. Mama hawezi kuwa na vifua viwili, nami nikavua shati. Doti ya kanga ikagawanywa: kipande kimoja kikamfunga Kulwa kwa mama yake, cha pili kikamfunga Doto kwangu. Wauguzi walicheka, kisha wakazoea.

Nyumbani Bibi alikuwa ameshateka maji. Alimkanda mzazi asubuhi na jioni, akamfunga mkaja, akamkalia na uji wa pilipili manga mpaka bakuli liishe. Alimwonyesha namna ya kunyonyesha wote kwa pamoja: mto kila upande, miili ya watoto kwapani, miguu yao nyuma, vichwa mbele. Alimfungia Kulwa uzi mweusi mkononi, "msije mkamshibisha mmoja mara mbili." Usiku alilala chumba cha pili, akikohoa ili tujue yupo. Baada ya arobaini aliondoka na kanga moja na sukari, na ilibidi tumlazimishe sukari.

Amekwisha kutangulia mbele ya haki. Binti wa zahanati alihamishwa wilaya nyingine, na aliyekuja baada yake ana kifaa kidogo cha betri kinachotoa sauti ya moyo kwa spika. Betri zikiisha humwambia mama arudi wiki ijayo. Wazazi wanaruhusiwa kesho yake asubuhi, wanapewa karatasi yenye michoro, na mama mzaa chema hutuma hela za msaidizi kwa simu kwa kuwa naye yuko kazini.

Mwaka huu vijana wa mtaa wa pili walipata pacha. Watoto hao walikuwa wanapokezana usiku kucha, mmoja akinyonya mwingine akilia, mpaka mama mtu akaanza kuogopa jua kuzama. Mke wangu alikwenda na mito miwili. Akamweka kila mmoja kwapani, akamfunga mama mkaja, akachemsha uji. Yule dada alimuuliza pia kwa nini alijua ana pacha siku ya uchungu tu, na kama kuna mtu hapa mtaani ambaye angeweza kumwambia mapema. Mke wangu alimjibu kwamba alikuwepo. Kupima hakutufundisha, nasi hatukuwahi kumwomba.