Goma ao Wamaza?

Ndugu wenye diplome, tunaambiwa kila mara: ukitaka kuanzisha kampuni ya programu, nenda Goma, kule kuna intaneti, wafadhili na vijana wenzako. Mimi naona shauri hilo limesahau mutu mumoja: mwenye kulipa. Januari 2025 M23 iliteka Goma, benki zikafunga milango, na wafadhili hawakuzifungua. Huku Wamaza muchele na dhahabu vinapita kwa pikipiki, mteja tunaye. Nisidanganye, mvua ikinyesha barabara inakula faida yote, na simu tunachaji kwa sola. Mimi ningeanza na kidogo: kumujulisha mwenye muchele ni pikipiki gani inarudi Kasongo bila mzigo. Mesaji ya kawaida inatosha, maana wenye simu kubwa ni wachache.