Ashiki na Mapenzi katika Tanzia: *Andromaque* na *Wakati Ukuta*

Mwanafunzi wa fasihi wa Butembo au Beni anaweza kuiingia tanzia kwa milango miwili: Kifaransa na Kiswahili. Katika lugha zote mbili kitenzi kimoja, *aimer* kwa upande huu na *kupenda* kwa upande ule, hubeba mapenzi pamoja na ashiki, yaani mvuto mkali unaomkamata mtu. Hivyo mhusika asemapo kwamba anapenda, twamsadiki upesi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tanzia huyapima mapenzi kwa namna wahusika wanavyogeuka, si kwa maneno yao.

Tuanze na *Andromaque* ya Racine, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1667. Oreste anafika kwa Pyrrhus akiwa balozi wa Wayunani, kumdai mtoto Astyanax. Moyoni anaomba ujumbe wake ukataliwe ili ampate Hermione. Balozi amekwisha kuwa msaliti kabla ya tendo lolote. Pyrrhus naye hudai kumpenda Andromaque, mateka wake, na papo hapo humtisha: aolewe naye, ama mwanawe atolewe kwa Wayunani. Hermione, aliyeachwa, anamtaka Oreste amlipizie kisasi kwa kumwua Pyrrhus. Jambo likiisha kutendeka, anamlaani Oreste kwa kumtii, kisha anajiua. Oreste anarukwa na akili.

Watatu hawa hawakuanza wakiwa waovu. Kila mmoja ana cheo na wajibu, na kila mmoja anauacha, kwa kuwa hamwoni mwenzake bali haja yake tu. Wahenga walisema: akipenda, chongo huita kengeza. Twaitumia methali hiyo kwa kucheka. Katika tanzia kosa hilo la macho huua.

Andromaque yuko mbali nao. Ni kweli kwamba naye hubadili uamuzi, akaikubali ndoa aliyoikataa. Lakini nia yake ni mwanawe apone, na yeye mwenyewe ajiue baada ya kiapo ili abaki mwaminifu kwa marehemu mumewe, Hector. Mapenzi yanamtoa nje ya nafsi yake; ashiki inawafungia wenzake ndani ya nafsi zao.

Kipimo hiki chatusaidia kuusoma upya mchezo wa Ebrahim Hussein, *Wakati Ukuta*, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Umezoeleka kusomwa kama mgogoro wa vizazi: Tatu anapingana na wazazi, anaolewa na Swai bila ridhaa yao, na ndoa inavunjika. Usomaji huo ni sahihi, ila haujakamilika. Katazo la nyumbani ndilo linaloipa ashiki sura ya mapenzi: kijana anayetetea haki yake ya kuchagua hudhani kwamba amekwisha kuchagua vema. Baada ya ndoa hakuna tena wa kushindana naye. Wanabaki wawili ambao hawajajuana.

Kwa hiyo haifai kuifundisha *Andromaque* kama sifa ya mapenzi makuu, wala *Wakati Ukuta* kama onyo kwa mabinti wasiotii. Katika madarasa yetu wamo vijana watakaoamua mambo ya ndoa kabla ya kumaliza masomo. Na wajifunze kumwuliza kila mhusika swali moja: tangu aseme kwamba anapenda, utu wake umeongezeka au umepungua?