"Sully" na lile swali la «ungefanya nini?»



Kuna shauri moja inazunguka kati ya vijana wanaotafuta kazi, na si wale wa ndege peke yao: mbele ya kwenda kwenye testi, angalia filme Sully, utajua ginsi ya kujibu maswali ya maamuzi. Niliiangalia mara mbili. Ni filme nzuri. Tom Hanks anacheza bila makelele, na Clint Eastwood aliyeitengeneza (2016) hapotezi muda: dakika 96, basi. Lakini kama somo la kujibu lile swali, inatudanganya mahali pawili au patatu, na uwongo huo unaweza kumkosesha mtu kazi.

Kwa wale hawajaiona: tarehe 15 Januari 2009, ndege Airbus A320 iliondoka LaGuardia, New York, na watu 155. Dakika chache nyuma, ikagonga kundi la mabata ya Canada, moteri zote mbili zikakosa nguvu. Kapteni Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles walibaki na sekunde kama 208 mbele ya kugusa chini. Walitua juu ya mto Hudson. Hakuna aliyekufa. Filme haihangaikii sana ajali yenyewe, inahangaikia kisha: wachunguzi wa serikali wanamkalisha Sully kwenye kiti na kumuuliza kwa nini hakurudi kiwanjani.

Hapo njo naanza kukataa. Ndani ya filme, wachunguzi ni kama polisi wa barabarani, wanatafuta kosa kwa nguvu. Wachunguzi wa kweli walilalamika, na walikuwa na haki: raporti yao ya 2010 ilisifu uamuzi wa kutua mtoni. Na lile jambo la sekunde 35, ambalo kwenye filme Sully analidai mbele ya watu wote kama wakili, katika ukweli ni wachunguzi wenyewe walilifanya. Waliweka marubani ndani ya simulatere, ile mashini ya kuigiza ndege. Wale waliogeuka palepale, kuna mara walifika LaGuardia. Walipoongezewa sekunde 35 za mtu kushtuka, kuangalia na kuelewa, ndege haikufika.

Kijana anayejifunza kwa filme hii anaingia ndani ya testi akiwa amevaa silaha. Anamuona anayemuuliza kama adui. Sasa, maswali ya marubani yanakaa hivi: wewe ni msaidizi, kapteni anazidi kushuka ndani ya mawingu, amepita kimo kilichowekwa, na kiwanja hamukioni. Unafanya nini? Unajibu. Halafu mwulizaji anaongeza: kapteni hajibu. Anaongeza tena: anajibu, anasema anajua hii kiwanja tangu miaka 20. Yule wa filme Sully anaona wanamtega, anashikilia jibu lake la kwanza ili asionekane mdhaifu. Lakini mwulizaji anabadilisha hali juu anataka kuona kama na wewe unabadilika. Jibu wanalolitaka linapanda ngazi: unasema wazi kwamba kimo kimepita, unaomba mupande tena, na kama hakuna jibu, unashika usukani mwenyewe. Heshima kwa mkubwa inabaki, lakini haizidi roho za watu walio nyuma.

Uongo wa pili ni ule wa «miaka 40 ya uzoefu». Filme inapenda tuamini kwamba mkono wa mzee ulijua wenyewe. Uzoefu ulikuwepo, sawa. Lakini angalieni kile filme inapita haraka. Skiles njo alikuwa anaendesha. Sully alichukua usukani na kumuachia Skiles kitabu cha maagizo, juu Skiles alikuwa ametoka juzi tu mafunzo ya A320 na alikumbuka vizuri kila ukurasa uko wapi. Ile ni kugawa kazi, ndani ya sekunde chache! Sully aliwasha pia moteri ndogo ya umeme iliyo mkiani mbele kitabu hakijafika kwenye mstari huo. Na katikati ya taabu alimuuliza msaidizi wake kama ana wazo lingine. Skiles hakuwa nalo. Kwangu mimi, swali hilo dogo ni kubwa kuliko mto wote.

Marubani wa Ujerumani wanajifunza njia inaitwa FORDEC: ukweli ni upi, njia zipo ngapi, hatari na faida ya kila moja, uamuzi, utekelezaji, halafu kukagua tena. Waingereza wako na ndugu yake, DODAR. Wanaotafuta kazi wanaikariri kama sala ya asubuhi, na wanaoajiri wanasikia mara moja mtu anayekariri. Kosa linakuwa mwishoni: karibu wote wanasahau kukagua tena. Wanaamua, wanafunga mdomo, wanangoja pointi. Na kuna wengine hawaulizi hata kama muda upo. Ukiwa na moteri mbili zimekufa, huna muda wa herufi sita. Ukiwa na abiria mgonjwa na mafuta ya saa mbili, unao, na kukimbilia jibu hapo ni kosa, hapana ushujaa.

Mfano wa kinyume ni wa Portland, Marekani, tarehe 28 Desemba 1978. Ndege DC-8 ilizunguka karibu saa moja kwa ajili ya shida ya magurudumu, kapteni akashikwa na shida ile moja, na wenzake wakataja mafuta kwa sauti ya chini, kwa adabu. Mafuta yakaisha hewani. Watu 10 walikufa. Kutokana na ajali za namna hiyo, kampuni zikaanza kufundisha marubani kusikilizana. Tom Hanks hakuitwa kuicheza hiyo.

Na kwetu? Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa kutoka Kisangani iliingia ndani ya upepo mkali wa mvua ilipokuwa inatua N'djili. Walijaribu kupanda tena, upepo ukaisukuma chini. Kwa watu 33, mmoja tu alibaki. Miezi mitatu nyuma, tarehe 8 Julai, Boeing 727 ikaanguka Kisangani, nayo hali ya hewa ilikuwa mbaya. Sisi tunapanda ndege juu barabara hakuna. Kisha rubani akirudisha ndege Kinshasa kwa sababu ya mawingu, abiria wanamtukana, wanadai mfuko wao. Kwa hiyo lile swali la testi linatuhusu wote, hata yule hajawahi kuomba kazi ya ndege.

Mimi niko agronome, nasema kama abiria. Lakini swali letu kwenye ONG ni lile lile: mvua ya sezoni A imechelewa, tuko katikati ya mwezi wa kumi, mahindi ya miezi minne iko ndani ya depo, wakulima wanangoja. Unagawa ama hapana? Yule anayejibu «mimi najua udongo wa Kivu» nimemsikia mara nyingi. Yule anayeuliza kwanza kama maharagwe ya muda mfupi yanapatikana, nani ana vipimo vya mvua, na tarehe gani ataacha kungoja, huyo simsikii mara nyingi.

Filme iko na sehemu moja bila kasoro. Ndege inaelea, maji yanapanda, watu wametoka. Sully anarudi ndani, anatembea mpaka nyuma akiita kama kuna mtu amebaki. Kisha, hata akiwa ameshafika nchi kavu, anazidi kuuliza hesabu ya watu mpaka wamwambie 155. Eastwood hakuweka muziki wa ushindi pale, na alifanya vizuri.